Kiu, tumbo kujaa na kalsiamu: saratani ya ovari inayowapata wasichana

Msichana wa miaka 23 anaingia kwa daktari na malalamiko matatu ambayo, ukiyatazama moja moja, hayamtishi mtu. Tumbo limejaa kama la aliyevimbiwa, ilhali hajala kitu tangu asubuhi. Choo kimefunga, leo siku ya sita. Na ana kiu ya ajabu: chupa ya maji haibanduki kando ya kitanda, na usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Wanampima sukari, iko sawa. Wanampima mimba, hana. Anaandikiwa dawa ya kulainisha choo, anaambiwa anywe maji zaidi (kana kwamba hakuwa akinywa), anarudi nyumbani.

Msichana huyu ni wa kufikirika, ila dalili zake zimo kwenye mafaili ya wagonjwa wa kweli. Mara nyingi sana dalili hizo huwa na sababu ya kawaida tu, wala sitaki kumtia mtu hofu. Lakini upo ugonjwa mmoja adimu unaoweza kuzifunga zote tatu kwa uzi mmoja, nao hauko kwenye utumbo wala kwenye figo. Uko kwenye ovari. Wataalamu wanauita saratani ya seli ndogo ya ovari ya aina ya kalsiamu nyingi, na kwa herufi za mkato SCCOHT. Wagonjwa walioandikwa katika majarida ya kitabibu duniani kote ni mamia machache tu, na wastani wa umri wao ni kama miaka 24.

Ugonjwa adimu kiasi hicho, wa nini kuuandikia makala? Kwa sababu unafichua jambo linalowahusu wasichana wengi kuliko hao mamia machache: mengi tunayoyasikia kuhusu saratani ya ovari yalipatikana kwa kuwachunguza mama zao na bibi zao.

Jina moja, magonjwa mengi

Kati ya saratani kumi za ovari, karibu tisa huanzia kwenye utando unaoifunika ovari au, kama ilivyokuja kubainika baadaye, kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kisha zikahamia kwenye ovari. Hizi huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, na ndizo zilizotupa karibu kila tunachokijua: umri wa kuogopa, kipimo cha damu cha CA-125, swali la kama kuna saratani ya matiti katika ukoo. Hata ule utafiti mkubwa wa Uingereza wa kutafuta ugonjwa mapema, ulioandikisha wanawake zaidi ya 200,000, ulichukua wenye miaka 50 hadi 74 peke yao. Matokeo yake ya mwisho, mwaka 2021, hayakufurahisha: kuwapima kila mwaka hakukupunguza vifo.

Lakini ovari ni nyumba yenye wapangaji watatu. Kuna huo utando wa nje. Kuna mayai yenyewe. Na kuna seli zinazoyalea mayai na kupika homoni. Kila mpangaji anaweza kuharibika kwa namna yake, na anapoharibika haleti ugonjwa wa jirani yake.

Chukua seli ya yai. Hii ina uwezo wa kujenga mtu kamili, kuanzia ukucha hadi ubongo, na ikipotoka uwezo huo hauupotezi. Ndiyo maana ndani ya uvimbe uitwao teratoma daktari wa upasuaji hukuta mafuta, shungi la nywele, hata jino. Teratoma nyingi si saratani. Za kuogopwa ni zile ambazo tishu zake hazijakomaa. Aina nyingine za ukoo huo hutoa AFP, protini ambayo kwa kawaida hutengenezwa na mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Na nyingine hutoa hCG, homoni ileile inayotafutwa na kijiti cha kupimia mimba.

Hapo pa hCG sipiti haraka. Binti wa miaka 15, tumbo linakua, hedhi imekata, asubuhi anatapika. Mama ananunua kijiti, wanakiweka juu ya sinki, mistari miwili inajitokeza. Binti anaapa hajawahi kulala na mwanamume. Nani atamwamini? Nyumba inawaka moto, baba haongei naye, wiki zinakatika watu wakitafuta jina la kijana asiyekuwepo. Na muda wote huo uvimbe unakua, kwa sababu saratani za seli za mayai hukua kwa kasi. Kijiti kile hakipimi mimba. Kinapima homoni, na homoni ina zaidi ya mahali pamoja pa kutoka. Ultrasaundi ya dakika kumi ingeonyesha mji wa mimba mtupu na uvimbe kando yake.

Huu ukoo wa seli za mayai ndio unaoongoza kati ya saratani zote za ovari kwa walio chini ya miaka 20. Ukoo wa tatu, wa seli za homoni, ni adimu zaidi na nitaugusia tu: unaweza kumletea mtoto wa miaka mitano matiti na damu ya ukeni, au kumfanya msichana aote ndevu na sauti iwe nzito. Dalili ikiwa usoni, watu hutafuta tatizo usoni.

SCCOHT ni ya mpangaji gani? Hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika. Robert Scully, daktari wa patholojia (anayechunguza tishu chini ya darubini) wa Boston ambaye aliainisha sehemu kubwa ya uvimbe wa ovari tunaoufahamu leo, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1979, na mwaka 1982 yeye na wenzake wakachapisha taarifa ya wagonjwa kumi na mmoja. Waliupa jina kwa walichokiona: seli ndogo zilizosongamana, na damu yenye kalsiamu nyingi. Jina hilo limeleta mkanganyiko wake. Ipo saratani ya seli ndogo ya mapafu, ile ya wavutaji sigara, na madaktari wengine hudhani hizi ni ndugu. Si ndugu hata kidogo.

Kwa nini kalsiamu

Shingoni, nyuma ya tezi ya koo, kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu. Kikishuka, hutuma homoni inayoiambia mifupa iachie kidogo na figo zisiimwage. Kikipanda, zinanyamaza.

Katika SCCOHT inaaminika kwamba uvimbe hutoa protini inayofanana mno na homoni hiyo. Mifupa haijui tofauti. Inapokea amri na kuachia kalsiamu, siku baada ya siku. Kalsiamu ikizidi, figo hushindwa kubana maji, kwa hiyo mgonjwa anakojoa sana, na kiu inafuata. Misuli ya utumbo hulegea, choo kinafunga. Kichefuchefu huja, uchovu huja, na ikizidi sana mtu huanza kuchanganyikiwa, moyo nao hupoteza mwendo wake. Tazama tena malalamiko ya msichana wetu. Tumbo ni uvimbe. Kiu na choo ni kalsiamu.

Karibu wagonjwa wawili kati ya watatu huwa na kalsiamu iliyopanda. Kwa wengine hupanda bila wao kuhisi lolote, na theluthi iliyobaki iko sawa kabisa, kwa hiyo kalsiamu ya kawaida haimfutii mtu ugonjwa huu. Ila ni kipimo cha bei ndogo na matokeo yake hutoka haraka, na kinaposahaulika ni kwa sababu moja tu: hakuna anayefikiria mifupa anapotazama tumbo la msichana. Kosa la upande wa pili pia lipo. Kalsiamu inakutwa juu, daktari anaanza kuzipiga picha zile tezi za shingo, kwani ndizo huwa na hatia mara nyingi. Hapo jibu liko kwenye kipimo kingine cha damu, cha homoni ya tezi zenyewe. Ikiwa kalsiamu iko juu na homoni hiyo iko chini, basi tezi zimenyamaza kama inavyopaswa, na mkosaji yuko kwingine mwilini.

Uzi wa mita mbili

Mwaka 2014 makundi matatu ya watafiti, la Montreal, la New York na la Phoenix, yalichapisha kwa wakati mmoja katika jarida moja jibu lilelile. Karibu kila uvimbe wa SCCOHT waliouchunguza ulikuwa umeharibika jeni moja: SMARCA4.

Ndani ya kila seli kuna uzi wa DNA wenye urefu wa kama mita mbili, umezungushwa na kukunjwa ukaingia kwenye kiini kisichoonekana kwa macho. Ili jeni fulani isomwe, sehemu yake ya uzi lazima ilegezwe. Ili inyamaze, ikazwe. Kuna mashine za protini zinazofanya kazi hiyo ya kulegeza na kukaza, na vipande vyake vya kwanza vilitambuliwa katika hamira, kwenye tafiti ambazo hazikuwa na habari na saratani. SMARCA4 hutengeneza injini ya mashine hiyo, protini iitwayo BRG1. Ipo injini ya akiba, inayotengenezwa na jeni ya pili, SMARCA2. Katika SCCOHT ya kwanza imevunjika na ya pili imezimwa. Seli inabaki na mashine isiyo na injini, inasoma kurasa isizopaswa kusoma na kuruka zile za kuiambia iache kugawanyika.

Kilichonishangaza mimi ni utulivu wa sehemu iliyobaki. Saratani ya mapafu ya mvutaji huwa na makosa maelfu kwa maelfu kwenye DNA yake. Uvimbe wa SCCOHT, zaidi ya jeni hii moja, ni kama DNA isiyoguswa. Sura hiyo inafanana mno na saratani fulani ya watoto wadogo inayotokea kwenye figo na ubongo, kiasi kwamba baadhi ya wataalamu walipendekeza jina libadilishwe. Na inamaanisha kitu ambacho mgonjwa anahitaji kusikia mapema: hakuna chakula alichokula, kidonge cha uzazi wa mpango alichomeza, wala mimba aliyoitoa au kuikosa kilichomletea ugonjwa huu.

Ugunduzi huo umewapa madaktari wa patholojia kipimo kizuri. Kipande cha uvimbe kikikatwa kwa wembamba wa kupitisha mwanga, hutiwa rangi inayoshika BRG1 peke yake. Panapokuwa na protini hiyo, kiini cha seli hugeuka kahawia. Chini ya darubini ya mgonjwa wa SCCOHT unaona uwanja mzima wa viini vya samawati, baridi, na katikati yake mishipa midogo ya damu inapita, viini vya kuta zake vikiwa kahawia. Hiyo mishipa ni ya mgonjwa, seli zake nzima. Kahawia yake ndiyo inayothibitisha kwamba rangi imefanya kazi, na kwamba samawati ya uvimbe si kosa la maabara. Kabla ya kipimo hiki uvimbe huu ulichanganywa na saratani za ukoo wa homoni, zile za seli za mayai, hata limfoma, saratani ya seli za kinga. Bado unachanganywa pale ambapo hakuna anayeomba rangi hiyo.

Kisha kuna suala la ukoo. Kati ya wagonjwa waliopimwa damu yao, karibu wanne kati ya kumi walikutwa wamezaliwa na nakala moja mbovu ya SMARCA4. Ya pili iliharibikia kwenye ovari. Jeni hiyo inaweza kutoka kwa mama au kwa baba. Baba hana ovari, kwa hiyo anaweza kuibeba maisha yake yote na kuipitisha kwa binti bila ukoo kuona dalili yoyote, na hapo lile swali la kawaida la daktari, “kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua?”, hujibiwa “hakuna” kwa ukweli kabisa. Kila mtoto wa mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Mgonjwa akikutwa nayo, dada zake wana haki ya kujua. Wengine hupima, wengine hawataki, na mwenye kuirithi anaweza kukabiliwa na uamuzi mzito wa kuziondoa ovari kabla hazijaugua. Uamuzi huo haufai kufanywa korido ya hospitali. Unahitaji mshauri wa mambo ya jeni na muda wa kutosha.

Hadithi mbili za tiba

Hapa sitapaka rangi. SCCOHT ni kali. Katika mkusanyiko wa wagonjwa 150 uliochapishwa mwaka 1994, hata kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa bado ndani ya ovari moja, aliyebaki bila ugonjwa alikuwa kama mmoja kati ya watatu. Tangu hapo madaktari wameunganisha upasuaji, kemotherapi ya dawa kadhaa kwa pamoja, na kwa baadhi ya wagonjwa kemotherapi ya dozi kubwa sana ikifuatiwa na kurudishiwa seli zao wenyewe za kuzalisha damu zilizohifadhiwa mapema. Mionzi pia hutumika. Wapo wanaopona. Dawa za kuamsha kinga ya mwili zimewasaidia baadhi, na zinajaribiwa dawa zinazolenga udhaifu unaoachwa na ile injini iliyokufa. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Saratani za seli za mayai zina hadithi tofauti kabisa, na inaanzia mahali pasipotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1960, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alitaka kujua umeme unawafanya nini bakteria. Aliona wameacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Haukuwa umeme. Vipande vya platini alivyotumia kupitishia umeme vilikuwa vikiachia kemikali majini. Kemikali hiyo ndiyo sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978 kuwa dawa ya saratani. Ikaunganishwa na dawa nyingine mbili, bleomaisini na etoposaidi, na saratani ambazo zamani baadhi yake ziliua karibu kila msichana zikaanza kutibika. Leo, zikiwahiwa, zaidi ya wasichana tisa kati ya kumi hupona, na hata zilizosambaa mara nyingi hutibika.

Tena kwa kawaida si lazima waondolewe kizazi. Huondolewa ovari iliyougua na mrija wake. Ya pili na mji wa mimba hubaki, hedhi kwa wengi hurudi, na wengi huja kuzaa. Nalisisitiza hili kwa sababu hofu ya kutolewa kizazi ndiyo inayowafanya wengine wakae na uvimbe miezi, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Kwa SCCOHT hesabu ni ngumu zaidi, na wakati mwingine upasuaji mkubwa hushauriwa. Lakini swali la kuhifadhi mayai linapaswa kuulizwa kabla ya dripu ya kwanza, maana baada yake linaweza kuwa limechelewa.

Kabla ya kisu

Hakuna kipimo cha kuwapitisha wasichana wote ili kuzikamata saratani hizi mapema. Kipimo cha mlango wa kizazi hakiangalii ovari, japo wengi huamini kinaangalia kila kitu kule chini. CA-125 kwa msichana hudanganya: hupanda wakati wa hedhi, wakati wa mimba, na kwa wenye endometriosisi (utando kama wa ndani ya mji wa mimba unaoota nje yake), na inaweza kuwa ya kawaida saratani ikiwepo. Kinachobaki ni kutazama kinachoendelea kudumu. Tumbo linalokua wakati mwili unapungua. Maumivu ya chini ya tumbo yasiyofuata mwendo wa hedhi. Kushiba kwa vijiko vitatu. Mambo haya yakipita wiki mbili au tatu, ultrasaundi ni ombi la haki. Na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, si lazima yawe kidole tumbo: ovari yenye uvimbe inaweza kujisokota kwenye shina lake, na hiyo ni dharura ya saa, haingoji kesho.

Uvimbe mwingi wa ovari kwa wasichana ni mifuko ya maji isiyo na madhara, ambayo mara nyingi hupotea yenyewe. Wa kushtua ni ule mgumu ndani, unaokua, au mkubwa; SCCOHT kwa wastani hufikia sentimita 15, kuzidi kichwa cha mtoto mchanga. Ukionekana wa namna hiyo, kabla ya upasuaji damu ichukuliwe kwa ajili ya AFP, hCG, LDH (kimeng'enya ambacho baadhi ya uvimbe hukipandisha) na kalsiamu, kwa sababu baada ya uvimbe kutoka hutajua tena vilikuwa ngapi siku hiyo. Usichomwe sindano kupitia tumbo ili kunyonywa “maji” yake. Ukipasuka ndani, ugonjwa uliokuwa umefungwa unaweza kumwagika na kupanda hatua. Na kipande cha uvimbe hakitupwi: huhifadhiwa kwenye nta, ndani ya kijisanduku kidogo cha plastiki chenye namba. Mgonjwa au ndugu zake wanaweza kuomba kitumwe kwa daktari mwingine wa patholojia, na swali la kumuuliza ni fupi: BRG1 ipo au haipo?

Uvimbe wa SCCOHT ukitoka, kalsiamu iliyokuwa imepanda hushuka. Ugonjwa ukirudi, kalsiamu inaweza kupanda tena. Kwa hiyo kwenye karatasi ya vipimo vya ufuatiliaji, pamoja na picha za tumbo na kifua, mstari wa kalsiamu uwepo kila mara, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba akijiona tena anaamka usiku kutafuta maji, asisubiri tarehe ya kliniki.